Mdomo unashukuru, moyo umenuna

Shikamoo Mama Mlezi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igombe hapa Mwanza. Kazi yangu ni dagaa. Nanunua wabichi alfajiri mitumbwi ikirudi, naanika, wakikauka napeleka soko la Mwaloni, Kirumba. Mume wangu ni mvuvi, ana mtumbwi mmoja. Nimeokoka tangu usichana wangu na sijawahi kuandika barua kama hii, kwa hiyo unisamehe nikizunguka.

Mwaka huu umetukalia vibaya. Mwezi wa tatu mume wangu na wenzake walivamiwa ziwani usiku, wakaibiwa mashine ya mtumbwi, wakapiga kasia mpaka kumekucha. Walirudi wazima. Tangu hapo anakodi mashine ya mtu, na tukigawana, cha maana kinaishia kwa mwenye mashine. Mwezi wa nne mvua ikanikuta nimeanika mzigo mkubwa, mimi niko kliniki na mtoto mdogo. Karibu nusu ya dagaa wakaharibika, nikawauzia watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Wangeharibika wote ila mama mmoja anayeanika jirani yangu aliwafunika na turubai lake. Basi hasara ikaja na madeni yake.

Kanisani kwetu Jumatano ni kipindi cha akina mama na kila mmoja anatakiwa kutoa ushuhuda wa shukrani. Nasimama nasema, "Bwana asifiwe, namshukuru Mungu kwa uhai na uzima, Mungu ni mwema." Wanaitikia, nakaa. Mama, sisikii kitu. Ni kama nasoma tangazo. Nyumbani nikipiga magoti maneno hayaji, usingizi unanikuta hapo hapo pembeni ya kitanda. Saa tisa usiku niko macho, lakini ni kwa ajili ya mwalo, si kwa ajili ya maombi.

Nikamweleza mwenzangu mmoja wa kikundini. Akasema sina moyo wa shukrani, ndiyo maana mlango wa baraka umefungwa. Akanikumbusha andiko, shukuruni kwa kila jambo, na kwamba hata mashine nilitakiwa nishukuru kwamba imeibiwa. Ushauri wake ni nipande mbegu: nitoe sadaka nono ya shukrani kabla sijaona, niamshe mkono wa Mungu. Hela sina. VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, bado wananidai, kwa hiyo nimefikiria kuchukua hii mikopo ya kausha damu, yenye riba kali. Mume wangu hajui. Yeye mwenyewe tangu mashine iibiwe haombei tena chakula. Nikimwambia tuombe, anasema, "Omba wewe."

Nauliza: imani yangu imekufa? Hiyo sadaka niitoe? Na Jumatano nikiitwa nisimame niseme nini?

Mama wa Watatu, Igombe

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la pili kwa sababu lina haraka. Usichukue huo mkopo. Kama fomu umeshaichukua, iache hapo ilipo. Kausha damu unaijua kuliko mimi: marejesho hayasubiri giza la mwezi wala mvua kukatika, na sufuria za akina mama wangapi zimebebwa kwa deni lililoanza kama hela ya kawaida tu. Paulo alipokuwa anakusanya mchango kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu, aliwaandikia Wakorintho kwamba nia ikiwepo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo (2 Wakorintho 8:12). Hela ya mkopo huna, mwanangu. Ina mwenyewe, tena ana riba. Ukiitia kwenye kapu la sadaka, watakaoilipia ni watoto wako kwenye sahani zao.

Halafu hilo la kutoa ili "kuamsha mkono wa Mungu" mimi linanikera, nisikufiche. Shukrani huja baada ya kupokea. Hela unayoitanguliza ili upewe mzigo, huko mwaloni mnaiita advansi, na hakuna ubaya kwenye advansi, ila ni biashara. Ukiwa na shilingi mia tano ya kwako Jumapili, itoe kwa furaha. Ukiwa huna, nenda hivyo hivyo, ukaimbe.

Sasa mwenzako. Sidhani ana roho mbaya, anarudia alichofundishwa. Lakini alichokuambia, kwamba hasara yako imetokana na kutoshukuru, Yesu alishakijibu. Katika Luka 13 anawakumbusha watu kuhusu wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Anawauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe: sivyo. Sisi wa ziwa hili tungetakiwa tuwe wa kwanza kulielewa jambo hilo. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikikaribia Mwanza, na MV Nyerere ikazama tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imebaki padogo kufika Ukara. Waliokufa wamo wazee wa kanisa, wanakwaya, watoto waliobatizwa, na Waislamu waliokuwa hawakosi swala. Nani atasimama mbele ya yatima wa Ukara aseme marehemu walikuwa na upungufu wa shukrani? Kama hatuwezi kulisema kwao, tusiliseme kwako kwa sababu tu wewe umepoteza dagaa na si mtu.

Turudi kwenye andiko lenyewe, maana limekuumiza na halikuandikwa liumize. Ni 1 Wathesalonike 5:18. Wathesalonike hawakuwa watu waliokaa raha mustarehe. Soma Matendo 17 uone: wahuni wa sokoni walikusanywa, nyumba ya Yasoni ikashambuliwa, yeye na ndugu wengine wakaburutwa mbele ya wakubwa wa mji. Hao ndio wanaambiwa washukuru. Na kabla ya kuambiwa hivyo, mistari minne tu juu yake, wanaambiwa wawatie moyo walio dhaifu na wavumiliane na watu wote. Mwenzako ameruka mstari wa 14 akatua kwenye wa 18. Kikundi chenu kilikuwa na deni kwako kabla hakijakudai ushuhuda.

Na Paulo huyo huyo hakuwahi kujifanya. Anaandika bila haya kwamba kule Asia walilemewa kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi (2 Wakorintho 1:8). Haishukuru ile dhiki. Anamshukuru Mungu aliyemtoa ndani yake. Kwa hiyo mashine kuibiwa si jambo la kulipigia vigelegele. Wizi ni dhambi, Mungu mwenyewe ameukataza, na huwezi kumpa shukrani kwa kitu alichokikataza. Unaloweza kumshukuru ni kwamba wanaume wale walirudi na roho zao. Kama bado hamjatoa taarifa kwa BMU, wale wasimamizi wa mwalo wenu, na polisi, katoeni, hata kama mnaona muda umepita. Kumtaja mwizi hakupunguzi utauwa wa mtu.

Umeniuliza kama imani yako imekufa. Mimi naona kitu kingine. Umefundishwa kwamba mbele za Mungu kuna aina moja tu ya maneno yanayoruhusiwa, ya shukrani, na mengine ni kukufuru. Una kilio cha miezi kadhaa kimekaa kooni, na kila Jumatano unatakiwa upitishe "Mungu ni mwema" pale pale kilipokwama. Haiwezi kupita. Ukifungua Zaburi 13 unamkuta Daudi anaanza na "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na anamaliza anaimba kwamba Bwana amemtendea kwa ukarimu. Ni mistari sita tu, lakini hakurukia wa sita. Zaburi ya 88 hata huo wimbo wa mwisho haina, inaishia gizani, na bado imo katika kitabu cha sala cha Israeli na cha kwetu. Kwa hiyo leo usiku usitafute maneno mazuri. Mwambie, "Baba, nina hasira kuhusu ile mashine. Nina wasiwasi na deni la VICOBA. Nimechoka mpaka mifupa." Ukilala hapo hapo, lala. Amekusikia.

Halafu sasa, mwanangu, kuna mtu ndani ya barua yako ambaye sitaki tumpite. Umemtaja kwa mstari mmoja ukaendelea na hasara: mama aliyefunika dagaa wako na turubai lake. Nimesimama hapo muda mrefu. Kama turubai lake lilikuwa juu ya dagaa wako, juu ya dagaa wake kulikuwa na nini?

Labda alikuwa na maturubai mawili. Labda alishaanua wa kwake. Sijui, na nadhani hata wewe hujui, na hilo ndilo linalonifanya niulize. Mwenye kuanika anajua wingu likitokea upande wa ziwa kuna dakika ngapi. Katika dakika hizo, mwanamke ambaye naye ana watoto na marejesho alikimbilia mzigo usio wake. Ulishakwenda kumwambia asante? Simaanishi asante ya kupungia mkono ukiwa na beseni kichwani. Nasema kwenda kwake, ukakaa, ukamuuliza yeye alipoteza kiasi gani siku ile.

Sikulaumu. Ulikuwa umerudi na mtoto kutoka kliniki ukakuta msiba wa mzigo, nani angekuwa na akili ya kutazama turubai. Lakini ona jinsi ushuhuda wa kila Jumatano ulivyokufundisha kutafuta shukrani kwenye mambo makubwa tu: kapona, kajengewa, kapata kazi, mtoto kafaulu. Ukikosa hayo unabaki na "uhai na uzima," maneno yasiyo na sura ya mtu. Turubai lile lilikuwa na sura ya mtu. Pale ndipo Mungu alipokuwa Mwezi wa nne, kama unataka kujua alikuwa wapi, na ningependa uanze kumshukuru kutokea hapo. Mwambie mama yule kwanza, halafu mwambie Mungu habari za mama yule, kwa jina lake. Nina hakika hayo maneno hayatakwama.

Kuhusu maombi ya kila siku, unajilaumu bure kwamba saa tisa usiku unaamka kwa ajili ya mwalo na si kwa ajili ya maombi. Kwani mwalo uko nje ya mikono ya Mungu? Wale wa kwanza kuitwa walikuwa watu wa nyavu. Simoni alimjibu Yesu kwa lugha unayoweza kuisema asubuhi yoyote hapo Igombe: "tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu." Hakupamba. Na hapa kwetu pia, mmoja wa watu wa mwanzo kuleta Injili kwenye ziwa hili alikuwa fundi mitambo, Alexander Mackay, Mskoti wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana. Alipofukuzwa Buganda mwaka 1887 akaja Usambiro, upande huu wa kusini, na huko aliendelea na kazi za mikono yake na kutafsiri Maandiko, mpaka malaria ilipomuua Februari 1890. Mtu wa nyundo na msumeno. Sioni kwa nini mtu wa dagaa ajione yuko pembeni.

Kazi yako ina kalenda yake, na mimi ningeomba kwa kuifuata hiyo badala ya kupigana nayo. Usiku wa giza ndio wa dagaa. Taa zinawashwa, mitumbwi inatoka, nyie wanawake hamlali. Siku hizo usijiwekee saa nzima ya magoti. Omba kwa kipande. Ukiwa njiani gizani kwenda mwaloni, taja majina ya waliomo ziwani. Ukigeuza dagaa, kila ukimaliza safu moja mshukuru Mungu kwa jambo moja la siku hiyo, dogo na la kweli: bei imepanda kidogo, mtoto hakuamka na homa, jua limewaka. Usirudie la jana. Siku ambayo hukuliona hata moja, sema hivyo, "Leo sijaona," uendelee na safu nyingine. Hiyo nayo ni sala ya mkweli.

Kisha mwezi unakua, mbalamwezi inaharibu uvuvi, mitumbwi inavutwa ufukweni na wanaume wanashona nyavu. Hizo siku za mwezi mkubwa ndizo za kukaa. Hapo soma zaburi yako polepole, hapo funga kama unafunga, hapo mtembelee mgonjwa. Watumishi wengine watakuambia maombi ni kila siku muda ule ule, na kwa mwenye kazi ya ofisini ni ushauri mzuri. Wewe ziwa limekupangia zamu nyingine, na aliyeuumba mwezi anaijua ratiba yake.

Jumatano. Una haki ya kunyamaza. Waambie, "Leo naomba mniombee, sina ushuhuda," ukae. Kikundi kisichoweza kulipokea hilo kina tatizo kuliko wewe. Lakini ukishakwenda kwa yule mama, nadhani utakuwa na la kusema. Muombe ruhusa kwanza ya kumtaja, maana si kila mtu anapenda jina lake lizungumzwe kanisani. Kama si wa kanisa lenu, hata kama si Mkristo kabisa, simulia vilevile. Katika wale wakoma kumi wa Luka 17, aliyerudi kushukuru ndiye pekee anayetajwa kabila lake, na alikuwa Msamaria. Na usiifanye hadithi imalizike vizuri kuliko ilivyo. Sema nusu ya dagaa waliharibika. Sema bado unadaiwa. Huenda kuna mwanamke amekaa benchi la nyuma anangoja mtu mmoja aseme hivyo ili na yeye apumue.

Limebaki la baba watoto, ambalo hukuliuliza lakini umeliandika. Mumeo alivamiwa gizani, katikati ya maji, akapiga kasia mpaka asubuhi. Barua yako inasema mengi kuhusu mashine na machache kuhusu yeye usiku ule. Ulishamuuliza kilichotokea? Inawezekana walitishiwa kwa panga, inawezekana alijiona anakufa, na mwanaume wa kwetu hilo halisemi mpaka aulizwe vizuri, tena si mbele ya watoto. Msubiri siku za mwezi mkubwa akiwa nyumbani, mkiwa wawili.

Na suala la kuombea chakula usilifanye vita. Katika Yohana 21 Petro amerudi ziwani, na nyuma yake kuna ile aibu ya kumkana Bwana. Yesu anawawashia moto wa makaa, anaweka samaki juu yake, anawaita, "Njoni mfungue kinywa." Maswali yake kwa Petro yanakuja wakishakula. Utaratibu huo unafaa hata Igombe. Mumeo amesema, "Omba wewe", hajasema usiombe. Basi omba wewe, kwa ufupi, chakula kisipoe, na siku moja moja mshukuru Mungu kwa mikono ya huyo baba iliyopiga kasia ikamrudisha kwenu. Atasikia, hata akijifanya anaangalia ugali.

Na habari ya ule mkopo uliotaka kuuchukua, mwambie. Afadhali asikie kwako kuliko kwa mtu wa kikundi.

Mama Mlezi